Seva ndogo na kipaji chake cha kusahau

Nilifungua logi, daftari la matukio ya seva, nikiwa na swali moja tu: kwa nini seva yangu ndogo inayoendesha mtandao imejiwasha upya usiku?

Mistari ya mwanzo ilibeba tarehe ya miezi kadhaa nyuma. Kerneli (kiini cha mfumo) imeamka, flashi (hifadhi ya kudumu) imetambuliwa, fayawoli (kinga ya mtandao) imepanga kanuni zake, programu ya kugawa anwani imeanza kazi. Yote hayo, kwa mujibu wa logi, yalitokea siku ambayo seva haikuwa na tatizo lolote. Kisha, kati ya mstari mmoja na unaoufuata, tarehe ikaruka mpaka leo bila maelezo wala onyo.

Kabla ya mistari hiyo hapakuwa na kitu.

Sikuhitaji mengi. Nilitaka kujua kama umeme ulikatika, au kerneli ilianguka, au kuna mtu aliyeingia akaiwasha upya kwa makusudi. Majibu ni matatu, na kila moja lina kazi yake. La kwanza linadai UPS (betri ya akiba), la pili linadai sasisho, la tatu linadai nifute kila kitu na kubadilisha funguo zote. Seva haikuwa na jibu hata moja.

Watumiaji hawakugundua chochote. Kifaa kiliamka, kikarudi kazini, kikaendelea kugawa anwani, kutafsiri majina ya tovuti na kupitisha VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) kana kwamba usiku ule haukuwepo. Nikarudi kwenye orodha ya sifa zake, ambayo ni ndefu kuliko kifaa chenyewe: DHCP (kugawa anwani), DNS (kutafsiri majina), VPN, fayawoli, kushiriki mafaili, ukurasa wa usimamizi, maelfu ya vifurushi vya kuongeza. Niliisoma yote. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema kifaa kinakumbuka nini, wapi, na kwa muda gani.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Tarehe imetoka wapi

Fumbo la tarehe ndilo lililofumbuka kwanza, nalo likanivuta kwenye mengine.

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo inayoilinda saa hata ikichomolewa. Vifaa vingi vidogo vya mtandao havina betri hiyo. Umeme ukikatika, saa inakufa nao, na kifaa kikiamka hakijui ni mwaka gani. Linux isiyo na saa ya kuisoma huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970. Taabu huanza hapo hapo, kwa sababu cheti chochote cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kitakachokaguliwa kitaonekana hakijaanza kutumika.

OpenWrt, mfumo unaoendesha seva yangu, una hila moja nzuri. Mapema wakati wa kuwaka hupitia mafaili ya saraka ya /etc, hutafuta lile lililobadilishwa karibuni kuliko yote, na kuifanya tarehe yake kuwa ndiyo tarehe ya sasa. Hoja yake haina kasoro: leo haiwezi kuwa kabla ya siku hiyo. Baadaye NTP (itifaki ya kulinganisha saa) ikipata mtandao, saa inasogezwa mbele.

Kwa hiyo ile tarehe ya ajabu ilikuwa siku ya mwisho nilipogusa mipangilio.

Hila hii inaokoa mengi, ila si yote. Seva za NTP hutajwa kwa majina, na majina yanahitaji DNS. Kama umewasha ukaguzi wa saini za DNSSEC (zinazothibitisha majibu ya DNS), saini hizo zina tarehe za mwanzo na mwisho, na kuzikagua kunahitaji saa iliyo sahihi. Saa inasubiri jina, jina linasubiri saa. Waliotengeneza dnsmasq, programu inayogawa anwani na kutafsiri majina, walilijua hili: programu hiyo inaweza kuambiwa isihoji tarehe za saini mpaka ijulishwe kwamba saa imeshawekwa sawa.

WireGuard, programu ya VPN, ina mtego mwingine, na huu sijauona ukitajwa kwenye orodha yoyote ya sifa. Kila inapoanzisha mazungumzo na upande wa pili, hutuma alama ya wakati, na upande wa pili hukumbuka alama kubwa kuliko zote uliyowahi kuipokea kutoka kwako. Ikija ndogo kuliko hiyo, ombi linatupwa. Ni kinga dhidi ya mtu anayenasa ujumbe wa zamani na kuurudia. Sasa fikiria seva iliyoamka na saa ya miezi mitatu iliyopita. Inabisha hodi kwa ufunguo sahihi kabisa, na inakataliwa kimya kimya mpaka saa yake ipite pale ilipokuwa imefika mwanzo. Kama NTP yako nayo inapita ndani ya VPN hiyo hiyo, utasubiri sana.

Upande mmoja umesahau na mwingine haujasahau. Nusu ya hitilafu zinazoitwa za ajabu kwenye vifaa hivi zinaanzia hapo.

Kwa nini hakiandiki

Jibu la haraka la kwa nini logi haikuwepo ni kwamba iliandikwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Ndivyo OpenWrt inavyofanya isipoambiwa vinginevyo: logi inakaa kwenye eneo dogo, mstari mpya ukisukuma nje wa zamani, na saraka ya /tmp nzima inaishi RAM. Umeme ukienda, nayo imekwenda.

Mwanzoni niliona ni ubahili wa kijinga. Flashi ipo, nafasi ipo, kwa nini isiandikwe?

Flashi huandikwa kwa kugeuza biti za 1 kuwa 0. Kuzirudisha kuwa 1 hakuwezekani kwa biti moja moja. Lazima bloku nzima ifutwe, na kwenye flashi ndogo za aina ya NOR bloku hiyo mara nyingi ni kilobaiti 64. Kila bloku ina kikomo cha mara inazovumilia kufutwa, na idadi inayotajwa sana kwa NOR ni kama 100,000. Inasikika kubwa. Lakini bloku moja ikifutwa kila dakika, idadi hiyo inaisha kabla ya siku 70. Ndiyo maana JFFS2, mfumo wa faili uliotengenezwa mahsusi kwa flashi za namna hii, hausahihishi mahali pale pale. Kila badiliko huandikwa mahali papya pamoja na namba yake ya ukaguzi, na mabaki ya zamani husafishwa baadaye. Kwa njia hiyo uchakavu unasambazwa, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kipande kilichoharibika kinatambuliwa na kuachwa, toleo la zamani likabaki zima.

Hata hivyo, kusambaza uchakavu si kuuondoa. Seva inayoandika kila kinachopita mlangoni mwake inajila yenyewe.

Kwa hiyo walioijenga waligawa dunia yake mara tatu. Chini kabisa kuna SquashFS, mfumo wa faili uliobanwa na usioandikika, wenye kila kitu kilichotoka kiwandani. Juu yake kuna tabaka la kuandikika, ambalo limelala kama karatasi angavu juu ya ramani: unachokichora kinaonekana kana kwamba ni sehemu ya ramani, na ukiiondoa karatasi, ramani iko vile vile. Halafu kuna RAM, kwa vitu vya kupita.

Mpangilio huu una matokeo yanayowashangaza wengi. Ukifuta programu iliyotoka kiwandani, nafasi haiongezeki. Programu bado iko chini, haiguswi. Kilichoandikwa juu ni alama tu ya kuificha. Ukisasisha kifurushi cha kiwandani, sasa unacho mara mbili, cha zamani chini na kipya juu, na nafasi imepungua. Kuna watu wamehangaika kufuta hiki na kile wapate nafasi, huku kila wanachokifuta kikiwaongezea alama.

Lakini ndiyo mpangilio unaofanya kurudi kiwandani kuwe rahisi kiasi kile, kwa sababu tabaka la juu linatupwa na basi. Na ukiharibu mipangilio mpaka usiweze kuingia, kuna hali ya dharura ambapo kifaa huwaka bila kulisoma tabaka la juu kabisa.

Vifaa hivi na programu zake vimelelewa na uhaba, na uhaba una faida zake. BusyBox ilianza katikati ya miaka ya 1990, Bruce Perens alipotaka kubana zana za kutosha kusakinisha Debian (mfumo wa Linux) kwenye diski laini (floppy) moja. Ni programu moja tu inayojibadilisha kulingana na jina iliyoitwa nalo: ukiiita ls inakuwa ls, ukiiita vi inakuwa vi, na leo ina amri zaidi ya 300. Mwaka 2014, kasoro ya Shellshock ilipotikisa seva kubwa zenye bash (ganda, yaani programu ya kupokea amri), vifaa vilivyotegemea ganda dogo la BusyBox havikuguswa. Si kwa werevu, ila kipengele chenye kasoro hakikuwemo.

Dnsmasq nayo imenifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu inaonyesha namna nyingine kabisa ya kuishi bila kumbukumbu. Kwenye OpenWrt, orodha ya nani amepewa anwani gani inakaa /tmp. Kwa hiyo seva ikiwaka upya haimjui yeyote kati ya wale waliokuwa wakitumia mtandao dakika moja iliyopita. Kwa nini basi hakuna fujo, watu wawili wakipewa anwani moja?

Kwanza, dnsmasq haigawi anwani kwa mfuatano. Hukokotoa kutoka kwenye namba ya maunzi ya kadi ya mtandao ya mteja, na ukokotoaji ule ule huleta jibu lile lile. Mteja aliyepewa .137 jana ana uwezekano mkubwa wa kupewa .137 leo, japo hakuna aliyekumbuka. Pili, kabla ya kutoa anwani huipigia ping kuona kama kuna anayeitumia. Tatu, ikiwa imeambiwa kwamba ndiyo mwenye mamlaka pekee kwenye mtandao, mteja akija kuomba kuongezewa muda wa anwani ambayo seva haina habari nayo, inakubali na kuiandika upya. Orodha inajijenga kutokana na kumbukumbu za wateja wenyewe.

Nilikaa na hilo siku nzima. Kumbe unaweza kusahau bila kupoteza, mradi kuna mwingine anayekumbuka, au kuna hesabu inayorudisha jibu.

Mgeni naye husahauliwa

Hapo ndipo shaka iliponirudia, nzito zaidi.

Mwaka 2016 Mirai, programu hasidi, ilienea kwa kujaribu majina na manenosiri ya kiwandani, jozi kama sitini hivi, kwenye kifaa chochote kilichoacha telnet (njia ya zamani ya kuingia kwa mbali) wazi. Kamera, ruta, vinasa video, vingi vikiwa ni Linux ndogo yenye BusyBox. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa Dyn, kampuni ya DNS, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki.

Mirai iliishi RAM tu. Ilifuta faili lake yenyewe baada ya kuanza. Ukizima kifaa na kukiwasha, imekwisha, ingawa usipobadilisha nenosiri inarudi muda si mrefu. Waandishi wake waliijua tabia hiyo, kwa hiyo moja ya mambo ya kwanza Mirai ilikuwa ikifanya ni kukizima kile kipima muda cha ulinzi ambacho mafundi hukiita wochidogi. Hicho ni saketi inayotaka kuguswa kila baada ya sekunde chache. Isipoguswa, inaamini mfumo umeganda na inakiwasha kifaa upya. Mirai haikutaka kifaa kiwake upya, maana kingesahau, na kusahau kungekuwa kupona.

Miaka miwili baadaye ikaja VPNFilter, programu hasidi nyingine, ambayo Cisco Talos, watafiti wa usalama, walikadiria imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Mwezi Mei 2018 FBI iliwaomba watu wawashe upya ruta zao. Ombi hilo lilichekwa na baadhi ya watu, lakini lilikuwa na mantiki: sehemu ya pili na ya tatu ya programu hiyo zilikuwa RAM na zingefutika. Sehemu ya kwanza haikufutika. Ilikuwa imejiandika mahali panapobaki, na ikiamka ilikwenda kuzitafuta nyingine upya.

Ukizilinganisha hizo mbili, utaona kwa nini nilikosa usingizi. Kusahau kunamfukuza mgeni mvivu. Mgeni makini anabaki, na logi yenye alama za nyayo zake ndiyo inayofutika. Kwa mgeni makini, seva yenye logi ya RAM ni zawadi: akimaliza kazi yake anaiwasha upya, na hakuna anayeweza kusema aliingia.

Usiku wangu ule ungeweza kuwa hivyo. Sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba haukuwa hivyo. Nikabadilisha funguo zote, nikaweka programu dhibiti mpya bila kubakiza mipangilio ya zamani, nikaandika kila kitu upya kwa mkono. Kazi ya siku nzima, pengine kwa sababu ya waya uliolegea.

Maneno ya mwisho

Nilichokitaka baada ya hapo hakikuwa logi ya kudumu kwenye flashi. Mtu akishaingia na kuwa na mamlaka yote, logi iliyomo ndani ya kifaa anaweza kuifuta, iwe RAM au flashi. Nilitaka kumbukumbu isiyo mikononi mwa kifaa.

Kuna njia ya zamani isiyo na mbwembwe: kutuma kila mstari wa logi kwa mashine nyingine kupitia bandari 514 ya UDP (itifaki ya kutuma pakiti). Kwenye OpenWrt ni mistari miwili mitatu ya mipangilio. UDP haina stakabadhi, kwa hiyo mstari unaweza kupotea njiani bila yeyote kujua, na ule ulioandikwa umeme ukiwa unakatika hautawahi kutoka. Kinachonipendeza ni kwamba mpokeaji anaweka muhuri wa saa yake mwenyewe, yenye betri. Nikaongeza kazi ndogo ya cron (kipanga ratiba) inayotuma mstari mmoja mfupi kila baada ya dakika chache. Seva ikinyamaza, ninajua ilinyamaza saa ngapi.

Lakini kunyamaza hakusemi kwa nini.

Hapo nilijifunza kuhusu ramoops, na nakiri kwamba kipengele hiki kimenivutia kuliko VPN na mengine yote yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kerneli inatengewa kipande kidogo cha RAM ambacho haikigusi kwa kazi za kawaida. Ikianguka, maneno yake ya mwisho yanaandikwa hapo. Kifaa kikijiwasha upya bila umeme kukatika, RAM huwa haijapata muda wa kupoteza yaliyomo, na kerneli mpya inayakuta yale maneno na kuyaonyesha kama mafaili chini ya /sys/fs/pstore. Ni wosia wa kerneli iliyokufa kwa ile inayoirithi. Si kila bodi inaliwezesha hili, na lazima eneo hilo la RAM litengwe kwenye maelezo ya maunzi.

Umeme ukikatika kweli, kipande hicho huwa tupu au takataka, na utupu huo nao unasema jambo. Kuna pia wochidogi zinazoweza kuijulisha kerneli kwamba zenyewe ndizo zilizosababisha uwashaji uliopita, kama mtengenezaji wa chipu aliweka uwezo huo.

Mara iliyofuata seva ilipowaka upya niliyapanga mezani. Wosia haukuwepo. Mpokeaji wa logi alionyesha mistari ikija kama kawaida, kisha kimya. Swichi inayotumia soketi moja na seva nayo ilikuwa imeanza upya wakati ule ule. Umeme. Nikaendelea na kazi zangu.

Ule usiku wa kwanza hauna jibu mpaka sasa.

Kitu kimoja lazima kikumbukwe, kisha kisahauliwe haraka

Hili ni fupi lakini siwezi kuliruka.

Funguo za siri hutengenezwa kwa namba nasibu, na namba nasibu huvunwa kutokana na mambo yasiyotabirika: mibofyo ya kibodi, ucheleweshaji wa diski, muda wa kufika kwa pakiti. Seva ndogo inayowaka kwa mara ya kwanza haina kibodi, haina diski ya kuzunguka, na mtandao bado. Huamka ikiwa katika hali inayokaribia kufanana na ya ndugu zake wote waliotoka kiwanda kimoja. Na ndipo hapo hapo inapoambiwa itengeneze ufunguo wake wa SSH, njia salama ya kuingia kwa mbali.

Mwaka 2012 Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman walikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima na kuzipitisha kwenye hesabu. Waliweza kupata funguo za siri za RSA (aina ya usimbaji) za asilimia 0.50 ya mashine za TLS, kwa sababu tu funguo hizo zilishiriki kigawo kimoja. Sehemu kubwa ya waathirika ilikuwa vifaa vidogo vya mtandao.

Dawa ya kawaida ni kuhifadhi mbegu ya unasibu kwenye flashi ili uwashaji unaofuata usianze patupu. Lakini mbegu ikitumika mara mbili ni hatari nyingine: umeme ukikatika baada ya kuisoma, uwashaji wa pili utaanza na ile ile. Kwa hiyo seedrng, programu ya kutunza mbegu hiyo, iliyoingizwa BusyBox mwaka 2022, inaifuta mbegu kwenye hifadhi kwanza ndipo inaihesabu kuwa na thamani. Tena ufutaji huo unalazimishwa ufike kwenye flashi, hauachwi usubiri. Kwa kifaa kinachokwepa kuandika, huu ni uandishi mmoja kisichoruhusiwa kuukwepa.

Orodha niliyotamani kuisoma

Ninapotazama vifaa hivi sasa, sifa zinazotangazwa zinanichosha. DHCP wote wanayo. Wanaojaza seva ndogo kwa makontena, hifadhidata na seva ya filamu sielewi wanakimbilia wapi. Hifadhidata inaandika usiku na mchana, mara nyingi kwenye kadi ya SD, ambayo kidhibiti chake cha ndani huhamisha data kinavyotaka. Umeme ukikatika wakati wa uhamisho huo, linaloharibika linaweza kuwa faili ambalo hakuna aliyekuwa akiliandika.

Ninachotafuta ni vitu ambavyo haviandikwi kwenye kasha. Je, badiliko la mipangilio linaandikwa papo hapo, au linasubiri? Kwenye OpenWrt, uci (zana ya mipangilio) huliweka RAM mpaka useme commit. Ukurasa wa usimamizi unaenda mbele zaidi: ukibadilisha anwani ya seva na kivinjari chako kikashindwa kuifikia tena kwa muda uliopangwa, badiliko linarudishwa lilivyokuwa. Kwa mtu aliyewahi kujifungia nje ya mashine iliyo mbali, sifa hiyo peke yake inatosha kumfanya achague.

Je, programu zinazotunza mafaili muhimu zinaandika faili jipya pembeni, zinalisukuma lifike kwenye flashi kwa fsync, kisha ndipo zinalipa jina la zamani kwa rename? Au zinalifungua la zamani na kuliandika juu yake, ili umeme ukikatika ubaki na faili lenye baiti sifuri? Hili huwezi kuliona mpaka usome msimbo, au uchomoe waya makusudi na kurudia. Mimi huchomoa.

Na sasisho: kuna vifaa vyenye nafasi mbili za mfumo, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, ili mpya ikishindwa kuwaka kifaa kirudi kwenye ya zamani chenyewe. Vingi vya bei ndogo vina nafasi moja tu. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 inawalazimu watengenezaji kutaja muda ambao kifaa kitapata masasisho ya usalama, na manenosiri ya kiwandani yanayofanana kwa vifaa vyote yamepigwa marufuku. Ni mwanzo. Siku moja labda watalazimishwa pia kusema logi inakaa wapi.

Inapokataa kusahau

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipotaka kumpa mtu kifaa cha zamani.

Tabaka la kuandikika halijasimbwa. Ufunguo wa siri wa WireGuard umo ndani yake kama maandishi ya kawaida, pamoja na nenosiri la Wi-Fi, na yeyote mwenye kifaa mkononi na waya wa siriali anaweza kuyasoma. Kulisimba hakusaidii sana, kwa sababu seva lazima iwake yenyewe usiku bila mtu wa kuandika nenosiri, kwa hiyo ufunguo wa kusimbua nao utakaa humo humo.

Basi nirudishe kiwandani. Lakini kurudisha kiwandani hakufanani kila mahali. Kwenye flashi inayoongozwa na kerneli moja kwa moja, unaweza kuamuru bloku zifutwe na zikafutwa. Kwenye kadi ya SD au eMMC (flashi yenye kidhibiti ndani yake), kati yako na flashi yupo kidhibiti chenye mambo yake. Ukiandika juu ya sekta, yeye huandika mahali pengine na kuiacha nakala ya zamani mpaka atakapoihitaji nafasi. Faili halionekani tena, ila maneno yake yanaweza kuwa bado yapo kwenye chipu. Kifaa kile kile kilichoshindwa kuniambia kilichotokea usiku mmoja kinaweza kuwa kimehifadhi ufunguo nilioubadilisha mwaka uliopita.

Kwa hiyo kifaa kinapostaafu, ninaanza na mashine nyingine. Kwenye kila upande uliokuwa ukizungumza nacho kwa VPN ninaondoa ufunguo wake wa umma. Kwenye kila seva iliyokuwa ikiamini SSH yake ninafuta mstari wake. Ninabadilisha nenosiri la Wi-Fi. Baada ya hapo ndipo ninapobonyeza kitufe cha kurudisha kiwandani, na kadi ya SD ninaitoa na kubaki nayo.